Mbuzi, nguruwe, sungura na kuku kula chakula kimoja: matumbo yao yanakubali?

mfugaji_luwero

Habari za huko jamani. Niko Luwero hapa Uganda, kikundi chetu cha akiba tumekubaliana tuanze kufuga, mbuzi, nguruwe, sungura kidogo na kuku wa kienyeji. Sasa mwenyekiti wetu ana wazo kwamba tukate nyasi za nepia, tuongeze maganda ya matoke, tusage pamoja tuwape wote chakula hicho hicho ili pesa isitoke sana. Mimi sijatulia. Naona mbuzi anakula bua kavu la mahindi na ananenepa, nguruwe ukimwekea hilo hilo anabaki mifupa, sungura anakula majani kama mbuzi lakini hacheui, kuku ndio hata meno hana. Naomba mtu anieleze huko ndani kukoje, siyo mpe hiki usimpe kile peke yake, nataka sababu ili nikisimama kwenye mkutano niwe na la kusema. Na ni kweli mbuzi na ng'ombe wana matumbo manne?

vetenari_mtarajiwa

Dada hilo swali zuri sana na umeuliza kabla hamjanunua hata mnyama mmoja, mtaokoa pesa nyingi, kwa hiyo umefanya vizuri. Nasoma udaktari wa mifugo hapa Makerere.

Tumbo ni moja, vyumba ndio vinne: rumeni, retikulamu, omasamu na abomasamu. Hicho cha mwisho ndio tumbo lenyewe kama letu sisi watu, linatoa asidi na vimeng'enya. Vile vitatu vya mbele havitoi asidi hata tone. Ngamia wa kule Amudat naye anacheua lakini vyumba vyake vinahesabiwa vitatu, kwa hiyo kucheua siyo lazima viwe vinne.

Sasa shika hii moja, mengine yote yatajipanga yenyewe. Kati ya hao wanyama wenu hakuna hata mmoja ambaye mwili wake unatengeneza kimeng'enya cha kuvunja selulosi, zile nyuzi ngumu za nepia na mabua. Wote wanafanyiwa kazi hiyo na bakteria na vijidudu wengine wanaoishi ndani yao. Swali ni moja tu, hao vijidudu wanakaa wapi, kabla ya tumbo la asidi au baada yake?

Kwa mbuzi wanakaa kabla. Rumeni ya mbuzi mkubwa inabeba kama lita 15 hadi 20, ya ng'ombe inapita 100, imejaa majani, maji na vijidudu, hamna hewa, joto kama nyuzi 39. Vijidudu wanachachusha lile bua, wanatoa asidi nyepesi zinazofyonzwa pale pale kwenye ukuta wa rumeni na hiyo ndio nguvu kubwa ya mbuzi. Halafu hao vijidudu wenyewe wanasukumwa na chakula mpaka abomasamu, wanauawa na asidi, wanasagwa, na mbuzi anapata protini kutoka kwao. Yaani anawalisha kisha anawala. Ndio maana bua ambalo halina protini ya maana bado linamsaidia, ingawa ukimpa bua peke yake miezi na miezi ataishiwa tu.

Nguruwe vijidudu wake wengi wako mwisho kabisa, kwenye utumbo mpana. Tumbo lake ni moja la kawaida, utumbo mwembamba mita 15 hadi 20 hivi, chakula kinapita kwenye asidi kwanza, protini na wanga vinafyonzwa, zile nyuzi zinafika nyuma kuchachushwa kidogo wakati sehemu ya kufyonza protini imeshapitwa. Nguruwe jike mzima anaweza kufaidi majani kiasi, mtoto wa nguruwe hawezi, utumbo wake wa nyuma haujakomaa. Mpe pumba ya mahindi, soya iliyokaangwa, mukene (dagaa), maganda ya matoke yaje kama nyongeza.

mchinjaji_mbale

Mimi nachinja ng'ombe na mbuzi, nguruwe sigusi, lakini niongeze yale ambayo macho yangu yanaona kila asubuhi maana kitabuni utasoma jina tu. Ukimfungua mbuzi, rumeni ndio inakutangulia, imejaza upande wote wa kushoto, ndani ina vinyweleo vinyweleo vya rangi ya kahawia ambavyo tunamwagia maji moto tukivikwangua kabla ya kuuza. Mbele yake karibu kabisa na moyo kuna retikulamu, kile kidogo chenye vijumba vya pembe, hapo ndipo msumari unaishia. Kitu kizito kikimezwa kinaangukia hapo, na kati ya hapo na moyo kuna ngozi ya kiwambo tu, ng'ombe akiwa na waya anachomwa mpaka moyoni anakonda mtu anadhani ni homa. Na kavera, mifuko ya plastiki, jamani! Ng'ombe wa mjini wanaokula kwenye taka unavuta kavera moja baada ya nyingine kutoka rumeni, zimesokotana bonge zima, haziozi, hazipiti, mnyama anashiba takataka. Nawaomba sana wafugaji, hayo maganda ya matoke mkiyatoa sokoni chambueni kavera kwanza.

Omasamu ndio ile ya mviringo yenye kurasa kurasa, kati ya kurasa majani yamekauka kwa sababu maji yameshanyonywa. Abomasamu ni laini, inateleza, inanuka uchachu. Halafu tandaza matumbo ya mbuzi utaona utumbo mpana umejikunja duara bapa kama sahani, ukiufuata kwa kidole unakuta mavi yanaanza uji, mbele kidogo yanakuwa vidonge.

vetenari_mtarajiwa

Mzee asante, hiyo ya duara nzuri sana. Kwa nguruwe sehemu hiyo hiyo haijalala bapa, imejizungusha kama pia, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Daktari akitupa matumbo mezani tunayatofautisha kwa hiyo tu.

Niliwaacha sungura na kuku. Sungura hana rumeni, ana sikamu, mfuko mkubwa kuliko tumbo lake lenyewe pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, ukuta wake mwembamba unaona rangi ya kijani ndani. Vijidudu wake wako humo, baada ya tumbo, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida protini yao ingepotea nje. Sungura anaikomboa kwa kutoa mavi ya aina mbili, yale makavu ya mviringo unayofagia na mengine laini yenye ute ambayo anayachukua kwa mdomo pale pale yanapotoka na kuyameza, mara nyingi akiwa ametulia. Watu wanaona wanasema ana minyoo au ana njaa wanamzuia, msimzuie, ni chakula chake halali na kina protini na vitamini B. Nepia na nyasi kavu sungura anazihitaji kweli, zinafanya utumbo utembee, ila zisiwe mbichi zenye umande tupu.

Kuku chakula kinaingia gole, kile kifuko cha shingoni, kinalowa, kinashuka tumbo la tezi kinapata asidi, halafu firigisi inasaga kwa mawe madogo aliyomeza, ndio meno yake hayo, ile ngozi ya njano mnayobandua mkiosha firigisi ndio inailinda. Sikamu anazo mbili lakini ndogo, na chakula kinapita ndani ya saa chache, vijidudu hawana muda wa kuvunja nepia. Nepia iliyosagwa kwa kuku ni kujaza gole tu. Kuku wakifungiwa ndani wanakula nafaka nzima muwawekee na changarawe.

kapchorwa_punda

Ongezeni punda, huku kwetu Kapchorwa ndio gari letu mlimani. Punda ni kama sungura mkubwa kwa habari ya vijidudu kukaa nyuma, kwenye sikamu na utumbo mpana, ila yeye hayali mavi laini kwa hiyo anafidia kwa kula muda mrefu, mchana na usiku. Tumbo lake dogo sana kwa mwili ule na hawezi kutapika, ukimmiminia pumba nyingi mara moja unaweza kumuua kwa maumivu ya tumbo. Hana hata kifuko cha nyongo, nyongo inatiririka taratibu moja kwa moja kutoka ini, mwili umepangwa kula kidogo kidogo. Na tafadhali, chakula cha kuku cha dukani kisimfikie kabisa, kingine kina dawa ya koksidia (ugonjwa wa kuhara wa kuku) inayoitwa monensini, kuku anaistahimili, punda na farasi inawaharibu moyo, kiasi kidogo tu kinaua.

mfugaji_luwero

Nimefurahi sana jamani, Mungu awabariki. Mawili tu. Mtoto wa mbuzi anayenyonya, maziwa hayachachi rumeni? Na badala ya bua kwa nini nisimpe mbuzi mahindi mengi anenepe haraka?

vetenari_mtarajiwa

Kitoto kikinyonya kuna mfereji unajifunga kutoka koo mpaka kule nyuma, maziwa yanapita rumeni juu kwa juu yanafika abomasamu, ambayo kwa mtoto mchanga ndio kubwa kuliko zote. Ukimlazimishia maziwa kwa mrija yanaangukia rumeni, kwa hiyo tumieni chupa yenye chuchu. Wiki ya pili muwekee majani laini kidogo, rumeni inakua kwa kutumika.

Mahindi mengi ghafla hapana kabisa. Wanga unachacha haraka, asidi inapanda, rumeni inayopaswa kuwa pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu unazidi) 6 hadi 7 inashuka chini ya 5.5, wale vijidudu wazuri wanakufa na mbuzi anaweza kufa siku hiyo hiyo au kesho yake. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Ukiona kishimo cha kushoto nyuma ya mbavu kimevimba na hacheui, mpigie daktari hapo hapo usingoje asubuhi.

Mwambie mwenyekiti nepia ikatwe, iende kwa mbuzi na sungura. Pesa yote mnayookoa hapo mnunulie nguruwe na kuku soya na mukene.