Panya wameharibu insulesheni darini: tuanzie wapi?

Mama Mapacha:

Habarini ndugu zangu. Tangu baridi ianze tunasikia mikwaruzo juu ya dari, hasa tukishazima taa. Mume wangu amepanda na tochi akakuta insulesheni, ile pamba ya manjano ya kuzuia baridi, imetobolewa vijia, mavi ya panya yametapakaa, na upande mmoja imelala chini kabisa. Chini yake ndipo chumba cha watoto, na hakishiki joto hata hita iwake usiku kucha. Kampuni moja ilikuja, ikachungulia dakika chache, ikasema lazima tutoe yote tuweke mpya, tena tusaini wiki hii. Nyumba ni yetu, hatujapanga. Aliyewahi kukutana na haya anisaidie.

Fundi Paa:

Pole sana dada. Msisaini kitu kwanza.

Baridi ya chumba cha watoto inaeleweka. Insulesheni haizalishi joto, inalizuia tu lisitoke, na kinacholizuia ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Panya akiichimba, akiilalia na kuikojolea, nyuzi zinashikana na ile hewa haipo tena. Mnapasha joto anga.

Lakini insulesheni ndiyo kazi ya mwisho. Ukiweka mpya kabla ya kuziba walikopitia, umewatandikia godoro jipya. Kwa hiyo jueni kwanza mnapambana na mnyama gani. Mavi ya panya mdogo wa nyumbani hayazidi milimita 6 au 7 kwa urefu. Yakifika sentimita moja na nusu, huyo ni yule panya mkubwa. Kelele za mchana kweupe mara nyingi ni kindi. Na kama mavi yanasagika yakawa unga mkavu ukiyaminya kwa kijiti, huenda ni popo. Hapo simameni, kwa sababu nchi nyingi, zikiwemo Uingereza na zote za Umoja wa Ulaya, zinawalinda popo kisheria na huruhusiwi kuwazibia njia kiholela.

Tukichukulia ni panya: yule mdogo anapenya tundu la milimita 6 tu. Penseli ikipita, naye anapita. Zungukeni nje ya nyumba taratibu, mkiangalia mabomba na nyaya zinapoingia ukutani, pembe ambapo paa linakutana na ukuta, pembeni mwa bomba la moshi, na pale mashine ya kukaushia nguo inapotolea mvuke. Halafu pandeni darini mchana, mzime tochi. Panapopenya mwanga pana tundu. Tafuteni pia michirizi myeusi yenye mafuta kwenye mbao, ni ya manyoya yao wanapopita njia ileile kila siku.

Povu la kupuliza peke yake wanalitafuna. Shindilieni kwanza pamba ya chuma isiyoshika kutu au wavu wa shaba, ndipo mzibe juu yake. Matundu makubwa yawekewe wavu mgumu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Ila matundu ya hewa ya paa yasizibwe kabisa! Yafunikwe kwa wavu tu. Paa lisipopumua, unyevu unabaki darini na kuvu inaota, mkawa mmehama tatizo moja kwenda jingine.

Baada ya hapo mitego ya kubana, mingi kwa mpigo, ikae kandokando ya mbao, upande wa chambo ukielekea kwenye ubao. Siagi ya karanga kidogo sana inatosha. Sumu siipendi darini: panya anafia ndani ya ukuta usipofika mkono, na harufu yake mtaishi nayo. Bundi au paka akimla panya mwenye sumu naye anaweza kufa.

Na mkipanda huko, kanyageni boriti tu. Ubao wa dari haubebi mtu.

Muuguzi wa Zamu:

Naongezea la afya, maana naona watu wanakimbilia ufagio.

Kinyesi na mkojo wa panya vikishakauka, usifagie wala usivute kwa mashine ya kufyonza vumbi. Vumbi likipaa unalivuta, na humo ndimo virusi vya hanta vinamopitia. Mwaka 1993 kusini magharibi mwa Marekani viliua watu wengi waliokuwa vijana na wazima. Chanzo kilikuwa panya wa porini wanaopenda kuingia kwenye nyumba na vibanda. Ulaya nako kuna aina yake, nyepesi zaidi, inayotoka kwa panya wa msituni. Panya wa kawaida wa nyumbani si msambazaji wake mkuu, ila gizani huko juu nani ana hakika aliyepita ni yupi?

Fungueni madirisha nusu saa kwanza. Vaeni glavu za mpira, nguo za mikono mirefu, miwani ya kukinga macho. Barakoa iwe ya kuchuja chembe hasa; ya kitambaa haifai. Changanyeni jiki fungu moja kwa maji mafungu tisa, siku hiyohiyo, mloanishe mavi na viota vizuri, msubiri dakika 5, kisha mfute kwa karatasi na kufunga katika mifuko miwili. Hii ni ya mbao na sakafu. Insulesheni iliyolowa mkojo haioshwi, inatupwa.

Mjamzito asipande kabisa. Panya wa nyumbani ana kirusi kingine kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mtu akipata homa na maumivu makali ya misuli ndani ya wiki 8 baada ya kazi hii, amwambie daktari wazi kwamba alisafisha uchafu wa panya. Madaktari hawaulizi hilo wenyewe.

Mjomba wa Bima:

Someni mkataba wa bima ya nyumba kabla ya kupiga simu. Mikataba mingi inakataa waziwazi uharibifu wa panya kwa sababu inauhesabu kuwa ni suala la matunzo. Lakini moto uliotokana na waya uliotafunwa ni habari nyingine, mara nyingi unalipwa. Kwa hiyo pigeni picha za kila kitu kabla ya kugusa, na fundi umeme aziangalie nyaya kabla hazijafunikwa na insulesheni mpya. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana hata waya anautafuna.

Kwa waliopanga wanaosoma hapa: msitoe chochote. Mwandikieni mwenye nyumba, pamoja na picha na tarehe. Maneno ya mdomo hayana ushahidi.

Jingine, kwa nyumba za zamani za Amerika Kaskazini: mkikuta vipande vidogo vyepesi vya rangi ya kijivu na dhahabu, kama changarawe inayometa, ondokeni na mfunge mlango. Hiyo ni vamikulaiti, insulesheni ya zamani ya madini. Nyingi ilichimbwa Libby, Montana, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1990, nayo ilichanganyika na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Ipimwe kwanza.

Mama Mapacha:

Mungu awabariki. Yetu ni ile pamba ya vioo ya mikeka, nimehakikisha. Tundu tumeliona, pale bomba la maji linapoingia nyuma ya jiko. Sasa je, ni kweli lazima itolewe yote? Na vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa sauti ya kufukuza panya, vinafaa?

Fundi Paa:

Ya mikeka ina nafuu dada. Mkeka uliochafuka unautoa, mzima unaubakiza. Ingekuwa ya kumwaga, ile ya karatasi zilizosagwa, kutenganisha ni kazi ngumu. Itolewe yote pale tu vijia na harufu vinapokuwa kila pembe. Kampuni iwaonyeshe picha za kila upande, na iandike ni matundu gani itaziba na kwa kitu gani. Bei isiyotaja matundu, mimi naitupa.

Mkishatoa iliyoharibika, zibeni na nyufa za dari lenyewe, kuzunguka mabomba na nyaya za taa, kabla ya kutandika mpya. Hewa ya moto inapotelea humo, na nafasi hii haiji tena kirahisi. Subirini mitego ikae mitupu wiki moja au mbili ndipo mtandike.

Vifaa vya sauti viacheni. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua ya onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Panya wanaizoea sauti, na hata ukuta mwembamba unaizuia. Hiyo hela ongezeni wavu, na mkate matawi yanayogusa paa.