PostgreSQL: hii synchronous_commit = on inawapa watu matumaini hewa!

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu anaweka seva kuu ya PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) na nakala mbili (seva zinazoiga data yake), anachungulia mipangilio, anakuta synchronous_commit = on (mpangilio unaoamua COMMIT, yaani amri ya kukubali muamala, isubiri nini kabla mteja hajajibiwa), basi anatangaza kwamba data iko salama kwenye mashine tatu. Haiko! Ina uhakika wa diski moja tu.

Chaguo-msingi la synchronous_standby_names (orodha ya nakala za kusubiriwa) ni tupu. Likiwa tupu, hiyo "on" inasubiri WAL (logi ya mabadiliko) iandikwe kwenye diski ya seva kuu, basi. Nakala zitaipata baadaye. Seva kuu ikifa kabla WAL haijasafiri, ukapandisha nakala kuwa seva kuu, muamala ambao mteja keshajibiwa COMMIT haupo. Ukiirudisha seva ya zamani kwa pg_rewind (zana inayoilinganisha na seva kuu mpya), ndiyo umeufuta kabisa kwa mkono wako.

Mbishi aendeshe hii kwenye seva kuu:

SELECT application_name, sync_state FROM pg_stat_replication;

Ukiona async (nakala haisubiriwi) kila mstari, hiyo ndiyo hali yako.

Weka synchronous_standby_names = 'ANY 1 (nakala1, nakala2)', kisha SELECT pg_reload_conf(); na sync_state isomeke quorum (jibu la nakala yoyote moja kati ya hizo linatosha). Majina yalingane na application_name iliyo kwenye primary_conninfo (mpangilio wa kuunganishwa na seva kuu) ya kila nakala. Yasipolingana, COMMIT zote zinaganda zikisubiri seva isiyokuwepo.

Na nyie mnaotaja nakala moja peke yake, acheni! Siku ikizimwa kwa matengenezo, uandishi wote unasimama. Hapo ndipo balaa lenyewe linapoanza: mtu anaona COMMIT imeganda, anaikatisha, anadhani imefutika. Haijafutika. Onyo linalotoka linasema wazi kwamba muamala tayari umekubaliwa kwenye seva kuu, ila huenda haujafika kwenye nakala. Programu inayopuuza onyo hilo inarudia, na malipo ya mteja yanaingia mara mbili.

Halafu kuna wanaolalamikia kasi wakazima kila kitu kwa synchronous_commit = off. Ukiwa na off, seva ikianguka unaweza kupoteza miamala ya muda wa hadi mara 3 ya wal_writer_delay (muda kati ya uandishi wa WAL kwenye diski), ambayo kwa kawaida ni milisekunde 200. Kwa nini malipo yaumie kwa sababu ya jedwali la kumbukumbu za kuingia? Ndani ya muamala wa kumbukumbu hizo andika SET LOCAL synchronous_commit = local; (inasubiri diski ya seva kuu tu), malipo yabaki kwenye on.