Naombeni ushauri: paka 19 nyuma ya bucha, tumeelemewa

Nyota wa Ilala: Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya bucha mtaani kwetu kuna paka 19 wasio na mwenyewe. Tuko watatu, tunachangishana dagaa na kuwalisha kila jioni. Wanazidi kuzaana na jirani mmoja anatishia kuweka sumu. Tufanyeje?

Kisiki: Leteni Mbagala. Panya wa huku wanakula mpaka sabuni.

Mama Wawili: Mie nilikuwa na shume, alimkimbiza mbwa wa mwenye nyumba tukapewa notisi. Narudi kuhadithia, chakula kinaungua.

Shehe Mstaafu: Kuna mwanamke aliingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Msomeeni huyo jirani.

Daktari Mifugo: Dada, kulisha bila kuhasi ni kuzalisha. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, na hushika nyingine angali ananyonyesha. Tegeni kwa kizimba, siku hiyo msiwape chakula. Akinasa, kifunikeni kitenge, atatulia. Ahasiwe, achanjwe kichaa cha mbwa, akatwe ncha ya sikio ajulikane, arudishwe palepale. Ila wiki iliyopita kwenye uzi wa sumu ulisema 24. Watano wako wapi?

Nyota wa Ilala: Tumewahamisha.

Daktari Mifugo: Wapi?

Nyota wa Ilala: Feri. Juzi usiku, kwa bajaji, kwenye viroba. Samaki wapo kule, hatujawatupa. Na kirikuu ya kubeba waliobaki nimeshailipia, Jumamosi.

Mzee wa Feri: Paka wageni hapa wanatandikwa na wenyeji mpaka wanaishia barabarani. Na mifupa ya bucha ikibaki nje, kwenu watakuja wengine.

Kisiki: Chai hii. Paka watano bajaji moja, dereva asikwaruzwe? Subirini, namba ya michango inakuja.

Nyota wa Ilala: Nani kaomba mchango? Na alikwaruzwa, nikampa elfu kumi akachome sindano.

Daktari Mifugo: Ya kichaa huwa si sindano moja. Mtafute leo. Halafu, kati ya hao watano kuna aliyekuwa ananyonyesha?

Nyota wa Ilala: Viroba tulivitoboa matundu, jamani.

Daktari Mifugo: Sijauliza viroba.

Nyota wa Ilala: Kuna vitoto vitatu chini ya meza ya bucha, vinalia tangu jana. Macho havijafungua. Maziwa ya ng'ombe yanafaa?

Daktari Mifugo: Yatawaharisha. Kirikuu yako iende Feri sasa hivi.

Mama Wawili: Nimerudi. Basi yule shume… eh, mmefika wapi?

Mzee wa Feri: Huyo mama yao ana rangi gani? Niko hapa mpaka saa tano.