Ushauri: nataka kufungua banda la gemu za zamani, PS2 na TV za chogo. Italipa?

Kipa wa Akiba (mwanzisha uzi)
Wakuu, poleni na majukumu. Niko Morogoro mjini, nina fremu sehemu yenye watu. Nataka kufungua banda la gemu, ila siyo hizi za PS5. Nataka PS2 tupu na TV za chogo: Winning Eleven na PES 6 za mpira, Smackdown ya mieleka, ligi kila Jumamosi jioni. Wateja ni sisi watu wazima tuliokulia humo. Mimi niko kwenye pedi tangu 2001, na mpaka leo nikimkumbuka Adriano wa Inter anavyoachia mguu wa kushoto kutoka mbali, kibanda kizima kimesimama, mwili unasisimka. Nianze na mashine ngapi, na nitumie CD au flashi? Silali kwa mawazo. Naomba majibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi Lenzi
Mkuu, mashine zipo. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, vipuri haviwezi kuisha leo wala kesho. Ugonjwa wake ni lenzi, lile jicho linalosoma CD. Ikichoka, CD inazunguka tu, skrini nyeusi, mteja anadai hela yake. Flashi nayo ina shida: USB ya PS2 ni ya kizamani, iko taratibu, gemu nyingine zinakatakata. Tafuta zile nene za mwanzo, nyuma zina nafasi ya kuweka hadi diski ngumu kama ya kompyuta. Unapakia gemu zote humo, lenzi inapumzika. Kuhusu chogo uko sahihi kabisa. Ukiichomeka PS2 kwenye flati, unabonyeza pasi na mchezaji anachelewa kuitoa. Mtu aliyezoea chogo analiona hilo dakika ya kwanza.

Mzee wa Larcos
Mnaongelea PES 6 kama vile dunia ilianzia hapo. Winning Eleven 2002 ya PS1 ndiyo baba lao! Maandishi yote Kijapani, hatukujua kusoma hata neno moja, lakini mtoto wa darasa la tatu anapanga fomesheni kwa kukariri alama. Yule mtangazaji Jon Kabira akipaza sauti kwenye goli, mtaa mzima unapaza naye. Mashine ikigoma kusoma CD tunaigeuza miguu juu, inaendelea. Na kabla ya hapo kuna ile ISS Pro ambayo Roberto Carlos aliitwa Larcos kwa sababu hawakuwa na haki ya majina. Banda lisilo na PS1 mimi siingii.

Dada wa Msamvu
Samahani kaka, hizo CD mtazijadili baadaye. Mwisho wa mwezi kuna nini?

Kipa wa Akiba
Ni mipango yangu tu dada. Mzee wa Larcos, PS1 nitaweka moja kwa heshima yenu.

Dada wa Msamvu
Hujajibu. Na hiyo fremu ni ya nani?

Kipa wa Akiba
Basi niseme. Fremu ni saluni ya mke wangu. Amekwenda kwao Lushoto kujifungua, anarudi mwisho wa mwezi. Tangu aondoke pamefungwa na kodi inalipwa, tena nalipa mimi. Akirudi ana kichanga, hawezi kusimama kutwa anasuka watu. Nikimkabidhi banda linaloingiza hela atafurahi. TV nimeshanunua, na seremala ameshachukua vipimo vya meza. Kwa hiyo swali langu bado ni mashine ngapi.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, nimefundisha miaka mingi. Nimewatoa watoto wenye sare kwenye vibanda hivyo saa nne asubuhi, ada ya mtihani imeishia kwenye pedi. Sasa wewe unataka kumpokonya mama mzazi riziki yake ili uweke kitu hicho hicho. Mpigie simu leo.

Memori Kadi
Mwalimu, heshima yako, ila vibanda vilitulea pia. Mimi nilikuwa na memori kadi yangu ya MB 8 ya kuhifadhia gemu, nimeifunga plasta na kuandika jina kwa peni, nalala nayo chini ya mto. Ndani kuna Master Ligi, ile ligi ya gemu ya mpira unayojenga timu yako, niliyoanza na akina Castolo na Minanda, wale wachovu unaopewa bure, nikapanda nao daraja mpaka nikaanza kusajili watu wa maana. Binamu yangu alikuja likizo, akakuta kadi imejaa, akafuta ya kwangu ahifadhi Smackdown yake. Mpaka leo tukikutana kwenye misiba namwangalia vibaya.

Chai Haina Sukari
Wakuu, hii ni chai. Jamaa anasema yuko kwenye pedi tangu 2001 na anamkumbuka Adriano wa mashuti. Yule Adriano mwenye nguvu ya shuti 99 ni wa PES 6, iliyotoka 2006. Huyu katunga, anatafuta wachangiaji.

Mzee wa Larcos
Soma tena taratibu. Kasema *tangu* 2001. Wewe ulianza gemu mwaka gani na bado unacheza au uliacha?

Chai Haina Sukari
Hata hivyo, mwanaume gani anageuza saluni ya mkewe halafu anakuja kuuliza CD au flashi? Weka picha.

Kipa wa Akiba
Situngi. Picha hiyo hapo, nimepiga sasa hivi.

Fundi Lenzi
Chogo ya kulia ina doa la rangi kwenye kona. Usiweke spika karibu nayo, sumaku inaharibu picha.

Dada wa Msamvu
Mimi naona draya iko sakafuni, waya umekatwa. Na bango la bei za kusuka limegeuzwa, limeandikwa "MECHI MOJA 500". Kaka, hukuja kuomba ushauri, ulishaamua.

Kipa wa Akiba
Waya unaungwa, dada. Mke wangu namheshimu sana. Nilitaka akute kitu kimesimama, siyo maneno matupu.

Mwalimu Mstaafu
Umempigia?

Kipa wa Akiba
Nimempigia sasa hivi. Amesema draya irudi ukutani leo, na upande wa dirishani ni wake. Upande wa choo ameniachia, zinaingia TV mbili. Fundi Lenzi, kwa TV mbili diski ya ukubwa gani inatosha?

Fundi Lenzi
GB 80 kwa kila mashine inakutosha kabisa. Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha, nije niifanyie kazi hiyo ya kulia pia.

Mzee wa Larcos
Na PS1 usisahau. Jumamosi nakuja na mdogo wangu wa kike, yeye asukwe, mimi nichukue Brazil.