Breka inakata tukiwasha hita mbili: nibadilishe breka au waya?

Mleta uzi (Uyole, Mbeya)
Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri kabla fundi hajarudi Jumamosi. Tangu baridi ya Juni ianze tunatumia hita ya kuogea ya wati 5,500, ambayo umeme wake ulichukuliwa kwenye laini ya soketi za vyumbani, yenye waya wa milimita 2.5 na breka ya ampea 20. Ikiwaka peke yake hakuna tatizo, lakini mama akiwasha hita ya chumbani kwake ya wati 2,000, breka inakata baada ya dakika chache. Fundi anashauri tuweke breka ya ampea 32. Je, ni salama? Waya huo unapita ukutani karibu na kitanda cha mama, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Mchangiaji wa Mafinga (fundi umeme)
Ndugu, tafadhali usikubali breka hiyo. Breka kazi yake ni kuulinda waya, na hapo inaifanya vizuri. Gawanya wati kwa volti 230: hita ya kuogea inavuta ampea 24 hivi na ya chumbani karibu 9, jumla 33. Waya wa milimita 2.5 ndani ya bomba la ukutani hubeba takribani ampea 20 hadi 24, kutegemea ulivyofukiwa. Ukiweka breka ya 32, waya utaungua ukutani huku breka ikiwa imetulia.

Hata hali ya sasa si salama. Breka ya ampea 20 haikati mara tu mkondo unapozidi 20. Kwa ampea 24 inaweza kukaa zaidi ya saa nzima bila kukata, kwa hiyo familia ikioga kwa kupokezana asubuhi, waya unapata joto kila siku na ganda lake la plastiki, ambalo kwa kawaida limetengenezwa kuhimili nyuzi 70 tu, linachakaa polepole.

Hita ya kuogea ipewe laini yake kutoka kwenye bodi ya breka: waya wa milimita 6, breka ya ampea 32, na swichi ya kukata laini zote mbili, ya moto na ya nyutro. Isichomekwe kwenye soketi kamwe, kwa sababu plagi zetu ni za ampea 13.

Mchangiaji wa Njombe
Naongeza jambo moja lililonipata. Soketi ya hita yangu ilianza kuwa ya kahawia na kutoa harufu, lakini breka haikukata hata mara moja. Skrubu ya waya ilikuwa imelegea. Mama aguse soketi yake baada ya hita kuwaka nusu saa. Ikiwa ya moto, asiitumie mpaka ifunguliwe.

Mleta uzi
Ahsanteni sana. Kutoka kwenye bodi hadi bafuni ni mita 15. Je, waya wa milimita 4 hautoshi? Bei imetofautiana sana.

Mchangiaji wa Mafinga (fundi umeme)
Milimita 4 unaweza kubeba ampea 24 ukiwa umepita mahali penye hewa, lakini ndani ya ukuta unabaki na nafasi ndogo mno, na breka ya 32 haitaufaa. Ukibadilisha hita siku moja kwa kubwa zaidi, utavunja ukuta upya. Nunua wa 6.

Fedha nyingine uiweke kwenye kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kwa kuwa hapo maji na umeme vinakutana mwilini mwa mtu. Eathi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, nayo ipimwe sasa hivi, si wakati wa masika: miezi yetu ya baridi ndiyo ya kiangazi, udongo umekauka, na fimbo ya eathi iliyopimwa vizuri Machi inaweza kuwa dhaifu Julai. Mwombe fundi akuoneshe leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na akupimie mbele yako. Hadi laini mpya ikamilike, mama azime hita ya chumbani kabla mtu hajaingia kuoga, na kila anayeoga asikae muda mrefu.