Kikundi cha Ukoo: Sataranji ya Idd Mosi

*Alhamisi*

Dada Rehema: Assalaam alaikum wanafamilia. Idd Mosi baada ya pilau, Yusra atacheza sataranji na kompyuta ya Sele, michezo miwili. Nataka majibu leo: nani anakuja, na meza analeta nani?

Sele: Kompyuta ipo.

Dada Rehema: Watu 23 wamesoma, kajibu mmoja. Jamani!

Mama Nasra: Pilau la kuku au la nyama?

Dada Rehema: Mama Nasra, pilau baadaye. Meza!

Sele: Ila dada, hapo haki iko wapi? Mtoto na mashine! Garry Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia, alishindwa na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, kule New York 1997, pointi 3.5 kwa 2.5.

Juma: Ile ilikuwa inapima hali milioni 200 za ubao kwa sekunde. Yusra anapima vocha tu 😂😂

Mama Nasra: 😂😂😂

Dada Rehema: Juma, tulia. Nguvu siyo hoja. 1996 pale Philadelphia Kasparov huyohuyo aliipiga 4 kwa 2. Kinachoniuma ni masharti ya 1997. Watu wa IBM walikuwa na michezo yake ya miaka nenda miaka rudi, yeye akaomba ya mashine, akanyimwa. Na kila mchezo ukiisha waliruhusiwa kuirekebisha, tena na mabingwa wa kuwashauri. Unalala umecheza na huyu, unaamka unacheza na mwingine!

Mjomba Kassim: Kama mwaka ule wa bao. Mtu ananong'onezewa mgongoni, kisha anapewa zawadi.

Baba Nasra: Kassim, usianze.

Mjomba Kassim: Sijaanza. Nimekumbuka.

Juma: Leteni na kashata, mambo yameiva 😂

Sele: Lakini mchezo wa pili Kasparov alikubali kushindwa mwenyewe, kumbe njia ya sare ilikuwepo. Mashine haikati tamaa, haipati usingizi. Hilo utalisawazisha kwa sharti gani?

Dada Rehema: Hilo silisawazishi. Nasawazisha kujuana. Bonn 2006, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati huo, alipewa Deep Fritz, programu ya sataranji, mapema aichunguze, na mwanzo wa mchezo, mashine ikitumia hatua ilizohifadhi, naye alikuwa anaziona. Alishindwa 4 kwa 2, mchezo mmoja hakuona kabisa kwamba mfalme wake anafungwa hatua inayofuata. Alishindwa, ila hakufichwa. Kwa hiyo Sele, kompyuta ikae kwa Yusra wiki nzima kabla, na ukishaileta usiiguse tena.

Sele: Wiki nzima! Na kazi zangu?

Mama Nasra: Kuku basi?

Babu: Nimesomewa yote. Yusra ameulizwa?

Babu: Aulizwe kwanza. Na lile la bao, Kassim, nitalisema mimi siku hiyo, wote wakiwepo.

Mjomba Kassim: Sawa Baba.

Sele: Naam Babu.

Dada Rehema: Naam Babu. Nitamuuliza kesho akitoka madrasa. Sele, siku 3 basi. Nijibu.

*Ijumaa*

Zai: Samahani nimechelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Meza ninayo, mguu mmoja umelegea. Mechi saa ngapi?

Dada Rehema: Zai asante. Saa bado. Juma, nyundo unayo wewe. Sele???