Mama mdogo ana uvimbe titini, kaletewa vidonge vya "nano", hii kitu ipo kweli?

Mjukuu_wa_Nansio: Habari wadau, naombeni msaada. Mama yangu mdogo yuko Nansio, ana uvimbe titi la kushoto tangu mwezi wa nne, hauumi ndo maana akakaa kimya, sasa kuna mtu kamletea vidonge vya laki mbili na nusu anasema ni teknolojia ya nano, vinaenda vyenyewe kuitafuta kansa na kuiua, eti hakuna haja ya kupasuliwa. Mi niko Igoma hapa Mwanza nimeambiwa nichange. Nano ipo kweli?

Nesi_wa_Ziwani: Pole mdogo wangu, usichange. Nano ipo na siyo ya jana. Nanomita ni mita moja igawanye mara bilioni, unywele tu una nanomita kama 80,000 upana wake. Kuna dawa ya kansa inaitwa paclitaxel, haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo walikuwa wanaichanganya na kiyeyushi kinachotokana na mafuta ya nyonyo, na hicho kiyeyushi ndo kinawapa wengine aleji kali mpaka uwachome steroidi kwanza. Baadaye wakaifungia ndani ya albumini, protini hiihii ya kwenye damu, vikatoka vichembe vya nanomita 130 hivi, ikaitwa Abraxane, Marekani wakaipitisha 2005 kwa kansa ya titi iliyosambaa. Ila ni dripu ya hospitali jamani, siyo vidonge, na nywele bado zinanyonyoka!

Kayenze88: Hata kwenye kutafuta kansa imefika wapi nano zipo. Vichembe vya oksidi ya chuma vinachomwa titini, vinasafiri hadi tezi za kwanza za kwapani, ambako kansa ya titi huwa inaanzia kusambaa, daktari anazifuata na kifaa cha kunasa sumaku, anatoa hizo chache zikapimwe, asilisafishe kwapa zima mkono ukaja kuvimba. Za dhahabu za kuunguza uvimbe bado ziko kwenye utafiti.

Mama_wa_Igombe: Mwanangu, wangu nao haukuuma. Nilikunywa dawa za mtu kama huyo miezi saba, nafika hospitali umeshaingia kwapani. Nikatolewa titi, nikachomwa ile dripu nyekundu ya dawa ya kansa, mwaka wa sita huu naanika dagaa zangu. Mlete hospitali ya Bugando wamtoe kinyama kikapimwe ijulikane ni kansa au siyo, na kama ni kansa ni ya aina gani, hiyo laki mbili na nusu ndo nauli na vipimo.

Mjukuu_wa_Nansio: Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi nimemsomea ya mama wa Igombe yote, akanyamaza weee, halafu akauliza meli ya kesho inaondoka saa ngapi.